Nani Aliyekuvika Mkanda?

Chojun Miyagi, mwasisi wa mtindo wa karate wa Goju-ryu, alifariki Okinawa mwaka 1953 bila kumtunuku mwanafunzi yeyote dan, yaani daraja la mkanda mweusi. Aliyetegemewa kumrithi, Jin'an Shinzato, alikuwa ameuawa katika vita vya Okinawa mwaka 1945. Waliobaki walikuwa na elimu kubwa mwilini, lakini hapakuwa na hati ya kumtaja mrithi. Eiichi Miyazato akaanzisha Jundokan mjini Naha, Meitoku Yagi akaanzisha Meibukan, na Seikichi Toguchi Shoreikan. Kata, yaani mifuatano ya miondoko iliyopangwa, ni zile zile, ila kila nyumba ina namna yake ya kuzicheza.

Mzazi wa Afrika Mashariki anayemtafutia mwanawe dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, hapa Saint Louis Park, magharibi mwa Minneapolis, hukutana na walimu wa dan ya tano, ya sita, hata ya saba, akadhani tarakimu pekee inatosha. Haitoshi, kama kisa cha Miyagi kinavyoonyesha.

Karate iliazima dan kutoka judo. Jigoro Kano alizitoa za kwanza mwaka 1883, na Gichin Funakoshi akazileta kwenye karate mwaka 1924. Kabla ya hapo sanaa za mapigano za Japani zilikuwa na hati za ruhusa, zinazofanana sana na ijaza ya wanavyuoni wa Lamu na Unguja: mwalimu anashuhudia kuwa alichokipokea kwa mwalimu wake kimemfikia mwanafunzi kikiwa kizima, na sasa anaruhusiwa kukifundisha. Kwangu mimi, dan ya juu isiyosomwa hivyo haina uzito.

Katika vyama vingi, dan za mwanzo hupima zaidi mwili: kata, mapigano, ustahimilivu. Kuanzia ya nne au ya tano swali hubadilika. Watahini hutaka kujua kama unaelewa kila mkono ndani ya kata unafanya kazi gani, umemfundisha nani, na wanafunzi wako wanasimamaje. Miaka ya kusubiri nayo huongezeka kila ngazi. Chukua Sanchin, kata fupi ya pumzi na misuli. Mwalimu humzunguka mwanafunzi, akampiga mabegani na mapajani kwa viganja, akisikiliza kama pumzi imekatika. Namna ya kupiga, na wakati wa kuacha, hujulikana na aliyepigwa vilevile na mwalimu wake. Video haikupi hilo.

Ndiyo maana silsila, yaani mnyororo wa walimu, husafiri na watu. Robert Fusaro alijifunza Shotokan Japani miaka ya 1950, akarudi kufundisha Minneapolis. Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, aliipeleka Goju-ryu Dar es Salaam miaka ya 1970, na dojo yake ya Zanaki ikalea walimu walioiendeleza baada yake.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, muulize mwalimu dan yake ya mwisho alitunukiwa na nani, na huyo naye alifundishwa na nani. Dan ya kumi iliyotolewa na chama ambacho mwalimu mwenyewe ndiye mwasisi wake inahitaji maswali zaidi. Kisha uliza jambo ambalo wazazi wengi hulisahau: kati ya wanafunzi wake, nani ameshapewa ruhusa ya kufundisha siku yeye asipokuwepo?