Mvuvi wa Ziwa Nakuru si mkosaji wa pekee

Wahenga walinena kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Ni nadra kuona methali hii ikitimia waziwazi kama inavyotimia katika Ziwa Nakuru, ziwa lililo ndani ya mbuga ya wanyama na kupakana na mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 2021. Mara kwa mara tumesikia kwamba vijana wamekamatwa wakivua humo kinyume cha sheria. Wakazi nao wameonywa, wala si mara moja, kwamba samaki hao huenda wana metali nzito zinazodhuru mwili. Lakini swali lililo zito zaidi huulizwa na wachache: sumu hiyo inayohofiwa ilitoka wapi?

Ningependa walimu wenzangu na wanafunzi walitafakari swali hili, maana jibu lake limo katika masomo tunayofunza kila siku.

Kwanza, tukumbuke kwamba tangu jadi ziwa hili halikuwa la wavuvi. Maji yake yalikuwa makali kwa magadi, na samaki wa kawaida hangeweza kuyastahimili. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, samaki wadogo waliozoea magadi walitolewa Ziwa Magadi wakatiwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki hao walizaana, na ndege aina ya mwari wakaja kwa maelfu kuwala. Hivyo basi, mvuvi mkuu wa Ziwa Nakuru alikuwa ndege wala si binadamu.

Hali ilianza kubadilika mnamo mwaka 2010 hivi. Mvua zilikithiri, na mito ya Njoro, Makalia na Nderit ikamimina maji mengi kuliko ilivyokuwa desturi. Ziwa lilifura, likameza barabara na lango kuu la mbuga. Kufikia mwaka 2020 lilikuwa limewafukuza hata baadhi ya wakazi wa mitaa jirani. Maji ya mito yaliyazimua magadi. Mwani uliokuwa chakula cha heroe, ndege ambao wengi huwaita flamingo, ukapungua, nao heroe wengi wakahamia maziwa mengine. Badala yao wakaja ngege wakubwa wa maji baridi. Na palipo na ngege wa kuuzika, karibu na mji wenye vijana wengi wasio na kazi, mvuvi hakosi kufika.

Kijana mmoja niliyemfundisha zamani aliwahi kunisimulia jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakipenya uani usiku, wakiwa na vyandarua vya mbu mikononi na hofu ya viboko na nyati moyoni. Nilimwuliza kama hawakuwa wameliona bango la onyo.

"Tuliliona, mwalimu," alinijibu. "Lakini njaa haisomi bango."

Nikamwuliza tena kama nao nyumbani walikuwa wakiwala samaki hao.

"Vichwa na matumbo ndivyo vilivyokuwa vyetu, mwalimu. Mnofu ulikuwa wa mteja."

Jawabu hilo limenikaa akilini hadi leo. Wataalamu wa elimu ya viumbe wanatufunza kwamba metali kama risasi hujilimbikiza zaidi katika maini, figo, mifupa na matamvua ya samaki kuliko katika mnofu. Wanatufunza pia kwamba moto wa jikoni hauiondoi, na kwamba risasi hudhuru ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima. Kwa hivyo, ikiwa sumu imo, maskini aliyeuza mnofu akawapa wanawe kichwa ndiye anayebeba sehemu kubwa ya madhara.

Sina nia ya kumtetea avunjaye sheria. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu uvuvi katika mbuga ya kitaifa bila idhini, na ina sababu zake. Usiku ziwani kuna hatari ya kupoteza maisha, na ndege wanaotegemea samaki hawana soko jingine la kwenda. Hata hivyo, haki isiyotazama pande zote mbili ni haki nusu.

Upande wa pili ni huu. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kila kiingiacho humo hubaki humo. Jua huyafyonza maji yakawa mvuke, lakini halifyonzi risasi. Bonde lote linalolizunguka ziwa ni kama sahani moja, na jiji limekaa ukingoni mwa sahani hiyo. Mafuta yanayomwagwa karakanani, betri kuukuu zinazotupwa mtaroni, dawa za mashambani, taka za viwandani na majitaka ya majumbani, vyote vikikokotwa na mvua huteremka upande mmoja. Hata majitaka yaliyopitishwa katika mabwawa ya kuyasafisha huishia huko huko, na mabwawa ya namna hiyo hayakubuniwa hasa kwa ajili ya kuondoa metali.

Mwenye wavu hukamatwa kwa kuwa anaonekana. Aliyefungulia uchafu mtaroni usiku wa mvua haonekani, naye asubuhi huenda sokoni kununua ngege kama watu wengine. Huko ndiko kula janga pamoja na wa kwao.

Wapo wanaopendekeza kwamba uvuvi uhalalishwe kama ilivyo Naivasha, ambako wavuvi hupewa leseni na ambako ziwa lilifungwa kwa uvuvi mwaka 2001 ili samaki wapate kuongezeka. Hoja yao ina uzito, lakini mfano wenyewe haulingani. Maji ya Naivasha hupata njia ya kutokea chini ya ardhi, na ndiyo sababu yamebaki baridi ilhali ya majirani zake ni ya magadi. Ziwa Nakuru halijajaliwa njia kama hiyo.

Yapo mambo manne ambayo yangefaa kutendwa. Mosi, samaki na maji ya ziwa vipimwe kila mara, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili chepesi sokoni, mahali mama mnunuzi atakapoyasoma kabla ya kufungua kibeti. Pili, atiaye uchafu mtoni aandamwe kwa bidii ile ile anayoandamwa nayo mwenye wavu. Tatu, vijana wasaidiwe kufuga samaki nje ya mbuga katika maji safi. Mwaka 2009 serikali iligharimia uchimbaji wa mabwawa ya samaki sehemu nyingi nchini, kwa hivyo jambo hili si geni. Nne, shule zilizo kandokando ya Mto Njoro ziufanye mto huo kuwa darasa. Wanafunzi wateke maji juu ya mji na chini ya mji, wayalinganishe rangi, harufu na uchafu ulioelea, waandike walichokiona, kisha wawasomee wazazi wao.

Samaki mkunje angali mbichi. Mwanafunzi aliyeufuata mtaro wa mtaa wake kwa miguu mpaka ulipoishia hatamwaga mafuta machafu humo atakapokuwa fundi, wala hatafumba macho atakapokuwa diwani. Walimu wenzangu, somo hili halihitaji vifaa vya bei ghali. Linahitaji viatu vya kutembelea, daftari, na mwalimu wa kuongoza njia.