Reli Ndani ya Kompyuta: Bei Ifuate Matengenezo

Michezo ya kompyuta inayoigiza uendeshaji wa treni ina soko dogo lenye wateja waaminifu, na tangu Microsoft ilipotoa Train Simulator mwaka 2001, mchezo uliotengenezwa na kampuni ya Kuju ya Uingereza, biashara hii imehamia kwenye vifurushi vya nyongeza, yaani njia za reli na vichwa vya treni vinavyouzwa kimoja kimoja kwa mtu ambaye tayari anao mchezo wa msingi. Nyongeza za Train Simulator Classic, mchezo wa kampuni ya Dovetail Games, ni mamia, na anayetaka kuzinunua zote kwa bei kamili hulipa maelfu ya dola.

Bei hizo zina sababu. Kutengeneza njia moja ni kutandika reli, kujenga stesheni, kurekodi milio ya injini na kupata leseni ya kutumia majina na rangi za mashirika ya reli, na gharama hiyo haipungui hata wanunuzi wakiwa wachache. Juu ya hayo, duka la mtandaoni la Steam hukata asilimia 30 ya mauzo, kiwango kinachoshuka hadi asilimia 25 pale tu mapato ya mchezo yanapovuka dola milioni 10.

Hata hivyo, thamani ya njia haipimwi kwa kilomita. Katika mfumo wa tahadhari wa AWS unaotumika Uingereza, treni hupita juu ya sumaku iliyowekwa takriban mita 180 kabla ya taa ya ishara, na taa hiyo isipokuwa ya kijani, honi hulia katika chumba cha dereva, naye hana budi kubonyeza kitufe ndani ya sekunde chache, la sivyo breki hujifunga zenyewe. Akishabonyeza, kisahani cheusi kilicho mbele yake hutokeza mistari ya njano. Honi hiyo ikichelewa kulia au kisahani kisipogeuka, uzuri wa milima na madaraja haumfidii mnunuzi aliyelipa ili aonje kazi halisi ya dereva.

Washindani wameonyesha njia nyingine. SimRail ya Poland, iliyoanza kuuzwa mwaka 2023 ikiwa bado inakamilishwa, huwawezesha wachezaji kukutana katika reli moja, wengine wakiendesha treni na wengine wakiongoza ishara, hivyo safari ya leo haifanani na ya jana. Open Rails, inayotolewa bure, hufungua nyongeza zilizotengenezwa kwa ajili ya mchezo ule wa mwaka 2001, na hivyo huzipa uhai mali ambazo wateja walikwisha kuzilipia.

Kushusha bei pekee si tiba, kwa kuwa punguzo kubwa la mara kwa mara humwadhibu aliyenunua siku ya kwanza na kumfundisha mwingine kusubiri. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Inafaa bei ya nyongeza ishuke kwa ngazi zinazojulikana kadiri inavyozeeka, vifurushi vya jumla vikate thamani ya kile ambacho mteja anacho tayari, na sehemu ya kila mauzo itengwe kwa ajili ya kurekebisha kasoro za njia zilizokwisha kuuzwa. Soko hili huishi kwa wateja walewale wanaorudi, na mteja ambaye honi ya njia yake ya mwaka jana bado haijatengenezwa hana sababu ya kununua njia ya mwaka huu.