Kupamba nyumba za kuuza: hesabu yake iko ghalani

Nyumba tupu ni ngumu kuuza. Chumba kisicho na kitu huonekana kidogo kuliko kilivyo, alama za misumari zinajitangaza ukutani, na mnunuzi anabaki mlangoni akijiuliza kama kitanda chake kitaenea. Juu ya udhaifu huo Wamarekani wamejenga biashara kamili. Kampuni inaleta sofa, mazulia, taa, vitanda na picha za ukutani, inapanga nyumba kwa siku moja au mbili, inaviacha humo hadi mnunuzi apatikane, kisha inavihamishia nyumba nyingine. Mwenye nyumba hanunui hata mto mmoja. Anakodi.

Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Barb Schwarz, wakala wa nyumba katika jimbo la Washington, ambaye mwaka 1972 alianza kuziandaa nyumba za wateja wake kama jukwaa la maigizo linavyoandaliwa kabla watazamaji hawajaingia.

Je, inalipa? Ripoti ya mwaka 2025 ya NAR, chama cha taifa cha mawakala wa nyumba nchini humo, inasema asilimia 29 ya mawakala waliona bei iliyotolewa na wanunuzi ikipanda kwa kati ya asilimia 1 na 10 nyumba ilipopambwa. Asilimia 49 ya mawakala wa wauzaji waliona nyumba ikikaa sokoni muda mfupi zaidi. Gharama ya kati ya kumwita mpambaji ilikuwa dola 1,500. Takwimu hizi zisomwe kwa tahadhari, maana aliyeulizwa ni wakala, na hakuna nyumba iliyowahi kuuzwa ikiwa tupu na papo hapo ikiwa imepambwa ili tulinganishe bei mbili. Hata hivyo, asilimia 1 tu ya nyumba ya dola 400,000 ni dola 4,000. Muuzaji anapiga hesabu hiyo haraka na kutoa fedha.

Kwa mpambaji hesabu ni ngumu zaidi. Wengi huingia kazi hii kwa kuvutiwa na upande wa macho: rangi, mpangilio, picha nzuri za kupeleka Instagram. Wanaofilisika hufilisikia stoo. Chukua mfano wa sofa ya dola 900. Tuseme kila mkataba wa miezi miwili, ukishatoa lori na vibarua, unaiachia sofa hiyo dola 150. Ikitoka mara tano kwa mwaka inarudisha dola 750, na mapema mwaka wa pili imejilipa. Ikitoka mara mbili tu inarudisha dola 300, kwa hiyo inahitaji miaka mitatu kufikia bei yake. Miaka mitatu ya kupakiwa na kupakuliwa inaacha kitambaa kimechakaa, na katika miezi yote iliyolala stoo imelipiwa kodi ya nafasi. Sofa ni ileile, bei ni ileile. Kilichobadilika ni mara ngapi imetoka.

Ndiyo maana nyumba hizi, mtu akizitazama mtandaoni, zinafanana mno. Sofa ni za kijivu au rangi ya maziwa, za ukubwa wa kati, zenye miguu inayofunguka ili zipite kwenye milango myembamba na ngazi. Watu husema wapambaji hawana ubunifu. Mimi naona ubunifu wao umehamia kwenye vitu vya bei ndogo. Sofa ya mahameli ya kijani inang'ara kwenye picha ya kwanza, lakini wakala akiiona tena wiki ijayo nyumba ya jirani, anajua ametembezewa vitu vilevile. Sofa ya kijivu haikumbukwi na mtu. Ukiibadilishia mito, zulia na picha, inakuwa sebule nyingine kabisa. Kwa hiyo mpambaji mzoefu ana aina tatu au nne tu za sofa, na mito ya kujaza kabati zima.

Mito hiyo ndiyo inayopotea. Hakuna anayesahau meza ya kulia chakula kwenye nyumba iliyouzwa, ila vyombo vya maua, vitabu vya mapambo, taulo za maonyesho na mashuka huondoka kimyakimya. Kampuni zenye nidhamu hupiga picha kila kitu, hukipa namba na kibandiko cha kuskani kwa simu, na hupakia vitu vidogo kwenye maboksi yaliyoandikwa jina la chumba na mtaa. Boksi linakaguliwa likitoka na likirudi, na aliyelikagua anaweka saini. Kinachorudi na doa hakichanganywi na vingine hadi kioshwe. Ukiikuta kampuni ambayo orodha ya mali yake iko kichwani mwa mwenyewe, ujue hata yeye hajui ana taa ngapi, na atanunua nyingine akiwa na sita nyuma ya mlango.

Mkataba nao una mambo yake. Malipo ya kipindi cha kwanza hutangulia kabla lori halijaondoka ghalani, na nyumba isipouzwa, mteja huongeza kwa mwezi. Fanicha ni ya kutazamwa, haikaliwi wala hailaliwi. Baadhi ya vitanda unavyoviona kwenye picha ni fremu za maboksi zenye godoro la kujaza upepo, kwa sababu godoro halisi ni zito na linakula nafasi kwenye lori. Na lazima iandikwe ni siku ngapi za taarifa mpambaji atapewa kabla ya kuondoa vitu, la sivyo nyumba tatu zitauzwa wiki moja na stoo imejaa.

Hatari kubwa zaidi inatoka nje ya stoo. Januari 2021 riba ya wastani ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 Marekani ilishuka hadi asilimia 2.65, Oktoba 2023 ilifika asilimia 7.79. Mwenye mkopo wa zamani wa riba ndogo akaona hana sababu ya kuhama. Mauzo ya nyumba zilizokwisha kukaliwa, yaliyokuwa milioni 6.12 mwaka 2021, yalishuka hadi milioni 4.06 mwaka 2024, kiwango cha chini kabisa tangu 1995. Nyumba chache zikiuzwa, sofa chache zinatoka, na mwenye ghala haulizi habari za riba. Anataka kodi yake. Oktoba 2025 serikali ya nchi hiyo ikaongeza ushuru wa asilimia 25 kwa sofa na viti vya fremu ya mbao vilivyofunikwa kitambaa vinavyoagizwa nje, kwa hiyo kununua vipya nako kumepanda.

Wengine wamekwepa ghala kabisa. Wanakodi fanicha kwa kampuni kubwa kama CORT, iliyo chini ya Berkshire Hathaway, kampuni iliyojengwa na Warren Buffett, na kumtoza mteja juu yake. Faida inapungua, ila hakuna kinacholala stoo. Wengine wanapamba picha tu kwa kompyuta. Hilo ni rahisi, lakini mnunuzi akifika anakuta nyumba tupu, na California imetunga sheria inayomlazimisha wakala, kuanzia Januari 2026, kueleza kwamba picha imebadilishwa.

Kwetu Afrika Mashariki kazi hii ina ndugu yake wa karibu: wapambaji wa harusi na sherehe za kumuaga bibi harusi (send-off). Wanamiliki viti, mahema, vitambaa na mataa, na Jumamosi ikipita bila shughuli vyote vinalala. Wanajua kila tatizo nililolieleza. Kilicho tofauti ni soko. Watu wengi Tanzania na Kenya hujenga wenyewe kidogo kidogo, mikopo ya nyumba ni michache, na kwa dalali kinachosemwa kwanza ni eneo, hati na maji. Mwenye nyumba ya kawaida Mbagala, Dar es Salaam, au Kitengela, nje ya Nairobi, hatalipia sofa ya kutazamwa.

Wateja wapo kwingine. Wajenzi wa maghorofa ya Kilimani na Kileleshwa jijini Nairobi, na Masaki jijini Dar es Salaam, wanahitaji nyumba ya mfano ya kuwaonyesha wanunuzi, hasa wale wanaolipa kabla jengo halijaisha. Wenye nyumba za kukodisha kwa siku nao wanahitaji mtu wa kuzipanga na kuzitunzia vyombo. Tena mpambaji wa hapa ana fundi wa Keko, Dar es Salaam, au wa kando ya Ngong Road, Nairobi, anayeweza kumtengenezea sofa nne zinazofanana na kuzibadilishia kitambaa zikichoka. Kwa ushuru wa asilimia 35 ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoza fanicha za kutoka nje tangu Julai 2022, kuagiza kontena kwa kuanzia ni kujitia deni.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni huu: nyumba tatu za kwanza azipambe kwa vitu vya kukodi, alipwe kabla ya kupakia, na aandike kila kitu kilichotoka, hadi foronya. Ghala alipange pale mjenzi mmoja atakaposaini mkataba wa mwaka mzima. Kabla ya hapo, fedha ya kodi ya ghala ibaki benki.