Kagua Sakafu Yako Kabla ya Kumaliza Kulipa

Umelima. Umevuna. Umeuza mazao yako. Kwa fedha hiyo umenunua saruji, mchanga na kokoto. Sasa fundi amemaliza kazi. Sakafu ya nyumba yako inang'aa. Fundi anangoja fedha yake iliyobaki. Je, utajuaje kama sakafu hiyo ni nzuri?

Sakafu inaweza kung'aa leo, na ikaanza kutoa vumbi kabla ya mwaka kwisha. Niru huficha mengi. Kwa hiyo usitazame mng'ao tu. Jifunze kukagua.

Kwa nini sakafu nzuri ni muhimu?

Sakafu ya udongo ina vumbi na nyufa. Funza hukaa katika vumbi hilo. Papasi hujificha katika nyufa. Usiku hutoka na kunyonya damu ya watu waliolala. Papasi ndio wanaoeneza homa ya papasi.

Huko Meksiko, mwaka 2000, serikali ya jimbo la Coahuila ilianza kuzipa familia maskini sakafu za saruji badala ya sakafu za udongo. Baadaye wataalamu walipima afya za watoto. Waliona kwamba minyoo, kuharisha na upungufu wa damu vilikuwa vimepungua.

Lakini sakafu ya saruji iliyopasuka na kubomoka huwapa wadudu maficho yale yale. Fedha yako itakuwa imepotea bure.

Ngoja kwanza

Saruji haiwi ngumu kwa kukauka kama matope. Saruji huungana na maji, ndipo huwa ngumu. Ikikosa maji mapema hubaki dhaifu. Kwa hiyo mwagilia sakafu mpya maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Jua likiwa kali, ifunike kwa magunia yaliyoloweshwa. Usiingize kitanda wala kabati siku hizo. Saruji huzidi kupata nguvu hata baada ya hapo. Hupata sehemu kubwa ya nguvu zake ikifikisha siku 28.

Kama mmekubaliana kwamba kumwagilia ni kazi yako, timiza. Usipomwagilia, usimlaumu fundi.

Jinsi ya kukagua

Baada ya siku 7, acha sakafu ikauke, kisha ifagie. Tafuta msumari, kijiti kigumu, chaki, kikombe cha maji, na ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 2. Mwite fundi mkague pamoja.

1. Tazama nyufa. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotanda kama wavu, huonyesha kwamba sakafu ilikauka upesi mno juu. Hizo si hatari sana. Lakini kama ukucha unaingia katika ufa, au upande mmoja umeinuka kuliko wa pili, huenda ardhi iliyo chini haikushindiliwa vizuri. Weka alama ya chaki kwenye ncha za ufa. Tazama tena baada ya wiki 2. Kama ufa umepita alama, bado unaendelea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

2. Gonga. Piga sakafu polepole kwa kijiti, hatua kwa hatua, hasa pembeni na kwenye kona. Sakafu nzuri hutoa sauti nzito. Ukisikia sauti ya kitu chenye uwazi ndani, kama mtungi mtupu, tabaka la juu halikushikana na la chini. Labda la chini lilikuwa na vumbi, au halikuloweshwa. Zungushia chaki mahali hapo.

3. Kwaruza. Pitisha msumari juu ya sakafu. Sakafu ngumu huacha mstari mweupe tu. Sakafu dhaifu huchimbika na kutoa mchanga. Kisha sugua kwa kiganja. Kama unapata vumbi kila unaposugua, huenda saruji ilikuwa kidogo, maji yalizidi wakati wa kuchanganya, mchanga ulikuwa na udongo, au sakafu haikumwagiliwa vya kutosha.

4. Pima usawa. Laza ubao sakafuni, sehemu mbalimbali. Kama kidole kinapita chini yake, hapo pana shimo au mwinuko. Kisha mwaga kikombe cha maji. Chumbani maji yasituame mahali pamoja. Bafuni lazima yaelekee kwenye tundu la kutolea maji.

5. Tazama kingo. Sakafu iguse ukuta pande zote bila nafasi. Mlango ufunguke bila kukwaruza.

Ukiona kasoro

Usigombane na fundi. Mwonyeshe alama za chaki. Zungumzeni kwa heshima. Huenda saruji uliyompa haikutosha.

Mahali penye sauti ya uwazi pakatwe na kuondolewa. Pafagiwe, paloweshwe, pakwe uji wa saruji, ndipo pawekwe saruji na mchanga upya. Usikubali kupakwa niru tu juu ya mahali pabovu. Itabanduka. Mahali palipotengenezwa pamwagiliwe tena siku 7.

Mara nyingine utakapojenga, mkubaliane kabla ya kazi kuanza. Semeni ni madebe mangapi ya mchanga kwa debe moja la saruji. Kwa tabaka la juu, madebe 3 ya mchanga safi kwa debe 1 la saruji yanafaa. Mkubaliane pia kwamba sehemu ya malipo itabaki mpaka mmekagua pamoja. Andikeni mapatano hayo, nanyi nyote wawili mtie sahihi. Sasa unajua kusoma na kuandika. Karatasi hiyo itakulinda wewe, na itamlinda fundi pia.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini sakafu mpya humwagiliwa maji?
2. Sauti ya uwazi inaonyesha nini?
3. Katika kijiji chenu, watu hupatana na mafundi kwa namna gani? Je, huandikiana?