Jiko la Kuni Lenye Dohani Katika Nyumba za Laini



Sisi tunaokaa katika laini za mashamba ya chai upande wa Kabarole na Bushenyi, magharibi ya Uganda, twaijua baridi ya huku. Mtu akitoka zamu ya usiku kiwandani, nguo zimelowa mvua, jambo la kwanza atafutalo ni moto. Kuni hazikosekani, maana mikaratusi imepandwa pande zote kwa ajili ya kukaushia chai. Lakini nyumba nyingi tulizopewa ni za chumba kimoja au viwili, na jikoni ni kibanda kilichoegemezwa nyuma, au hakuna kabisa. Mvua ikinyesha mafiga huingia ndani, na moshi huingia pamoja nayo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na sehemu kubwa ya hewa hiyo hutoka kwenye moto wa kupikia. Wanaoumia zaidi ni akina mama na watoto wadogo, kwa kuwa ndio wakaao karibu na moto. Kwa hiyo wengi wetu tumeanza kujenga majiko ya udongo yenye dohani. Ni jambo jema. Lakini dohani iliyowekwa vibaya huondoa moshi na kuleta moto darini.

Nasema hivi kwa kuwa yalinipata. Jiko langu la kwanza nililijenga mwenyewe kwa haraka, nikapitisha bomba la bati karibu na papi ya paa, nafasi ya vidole viwili tu. Miezi mitatu hapakuwa na neno. Mwezi wa nne mke wangu akasikia harufu ya mbao inayoungua. Tulipobandua bati tukakuta papi imekuwa makaa upande mmoja. Nilidhani kama mbao haikuwaka siku ya kwanza basi haitawaka tena. Sivyo. Mbao inayopashwa joto kila siku hubadilika pole pole, ikafika siku ikashika moto kwa joto ambalo hapo mwanzo lisingeiwasha. Bahati yetu ilikuwa mchana na watu wako macho.

Jiko hili tunalolijenga lina safari ndefu. Baada ya tetemeko la ardhi la Guatemala mwaka 1976, mafundi wa huko walieneza jiko la udongo na mchanga wakaliita Lorena, jina lililoungwa kutokana na maneno mawili ya Kihispania, lodo ni tope na arena ni mchanga. Lilitoa moshi nje vizuri, lakini lilipopimwa baadaye likaonekana halipunguzi kuni kama lilivyosifiwa, kwa kuwa udongo mnene hunywa joto kabla halijafika kwenye sufuria. Katika miaka ya 1980 mhandisi mmoja Mmarekani, Larry Winiarski, alionyesha njia nyingine: chumba cha moto kiwe chembamba, kipinde kama kiwiko, na kizungukwe na kitu chepesi kisichonywa joto. Mawazo hayo mawili yakaunganishwa katika jiko liitwalo Rocket Lorena, ambalo Wizara ya Nishati ya Uganda ililieneza vijijini, Bushenyi ikiwa mojawapo ya wilaya hizo.

Ndiyo maana fundi huchanganya udongo wa kichuguu na unga wa mbao au nyasi zilizokatwakatwa. Unga wa mbao ukiungua ndani ya udongo huacha vitundu vya hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lisipotee. Vipande vya mgomba huwekwa kuwa kalibu ya njia ya moto, kisha hutolewa. Jiko liachwe likauke wiki tatu au nne kabla ya kuwashwa moto mkubwa. Ukiharakisha litapasuka, na kila ufa ni mlango wa moshi. Mdomoni mwa jiko weka kibao cha bati au cha udongo ili kuni zilale juu yake na hewa ipite chini. Sufuria ikae sawasawa katika shimo lake. Ukihamisha sufuria moja, funika shimo, la sivyo dohani itavuta hewa ya chumbani badala ya moshi.

Sasa dohani, maana hapa ndipo tunapokosea wengi. Kipenyo chake kisipungue sentimita 10. Bomba tupu la bati likae mbali na kila mbao, yaani papi, kenchi na dari, kwa sentimita 45. Kama nafasi haitoshi, kata papi na uifunge upya pembeni, au jenga dohani ya matofali yaliyopigwa plasta, ambayo pia haipati kutu upesi kama bati. Tundu la paa lizibwe kwa kola ya bati, kamwe si kwa gunia wala ubao. Juu, dohani ipite paa kwa sentimita 90, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Ikiwa fupi kuliko kipaa cha nyumba, upepo huurudisha moshi chini, halafu watu husema jiko ni baya. Nyumba ya nyasi ni habari nyingine: usitoboe nyasi kupitisha dohani. Jikoni kwa nyumba hiyo kujengwe kando.

Kuni mbichi yaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Moto hutumia nguvu kukausha maji hayo, moshi unakuwa mzito na baridi, na lami yake hugandia ndani ya dohani. Lami hiyo ikizidi yaweza kuwaka, ukasikia mvumo kama wa lori linalopanda mlima. Hapo toa watu nje, ziba mdomo wa jiko kwa tope au bati ili kukata hewa, wala usimwage maji ndani ya dohani ya moto, maana itapasuka. Pasua mkaratusi ukiwa mbichi, upange juu ya magogo chini ya paa lisilo na kuta, uuache miezi sita au zaidi. Gonga vipande viwili: kuni kavu hulia, mbichi hufanya kishindo kizito. Pangusa dohani kila mwezi, jiko likiwa limepoa.

Tena si kila mti ni kuni. Nguzo za uzio na za umeme zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa ambayo mara nyingi huwa na aseniki, nayo ni sumu. Hukaa katika moshi na katika majivu. Hali kadhalika magunia ya mbolea na madebe ya dawa za kuulia magugu. Nimeona yakitumika kuwashia moto. Mafuta ya taa nayo yasimwagwe juu ya makaa yaliyo hai.

Hatari kubwa kuliko zote haina harufu. Ni kaboni monoksidi, hewa itokayo kwenye kuni na makaa yasiyoungua vizuri. Hushika damu mara 200 zaidi ya oksijeni, na mtu aliyelala hafahamu kitu. Baadhi yetu huchota makaa jikoni usiku, wakayatia ndani ya karai na kuliweka chumbani ili watoto wapate joto, kisha wakafunga mlango na kuziba nyufa. Makaa hayo hayana moshi, ndiyo maana huaminiwa. Msifanye hivyo hata usiku mmoja. Watu wawili au watatu wakiamka na kichwa kizito na kichefuchefu pamoja, msiseme ni malaria kabla ya kuwatoa nje na kuwapeleka hospitali.

Lakini karai la makaa huingia chumbani kwa sababu nyumba ni baridi na jikoni hakuna, na nyumba si zetu. Mkataba Na. 110 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958, unaohusu mashamba makubwa, umetaja hewa ndani ya nyumba na mahali pa kupikia miongoni mwa mambo ambayo nyumba za wafanyakazi zipaswa kuwekewa kipimo. Udongo tutachimba wenyewe, na kazi ya mikono tutaifanya Jumapili. Matofali ya dohani, kola za bati na banda la kukaushia kuni ni sehemu ya nyumba, na mwenye nyumba ni mwajiri. Kila tawi liandike nyumba zisizo na dohani, namba kwa namba, pamoja na zile ambazo bomba limegusa mbao, orodha hiyo ifike mezani kwa meneja kabla ya mvua za Septemba.