Mwanafunzi wa Kristu Hamalizi Masomo

Katika somo lililopita tulieleza jinsi ubatizo unavyotuondolea dhambi ya asili na kututia uzima wa Mungu. Leo twafika kwenye swali ambalo makatekista wengi hutuletea, nao hulileta kwa huzuni. Mbona watu waliojifunza vizuri, wakajibu maswali yote mbele ya Padri, wakabatizwa wakiwa na mavazi meupe, baada ya mwaka mmoja au miwili hawaonekani tena? Au, nalo ni jambo zito zaidi, mbona wanaonekana kanisani kila Dominika, lakini siku ya Jumatatu, sokoni na ofisini na nyumbani, hakuna awezaye kuwatambua kuwa ni Wakristu?

Tuanze na jina. Injili haiwaiti wafuasi wa Yezu "Wakristu", yawaita wanafunzi. Kitabu cha Matendo ya Mitume chatujulisha kwamba jina la Wakristu lilianza baadaye, mjini Antiokia, na waliopewa jina hilo walikuwa wanafunzi tayari. Basi kwa asili hakuna Mkristu asiye mwanafunzi. Lakini neno hili limeharibika kidogo masikioni mwetu. Tukilisikia twaona darasa, ubao, mtihani, na mwishoni diploma. Mwenye diploma amemaliza, hana haja ya kurudi darasani. Ndivyo wengi wanavyoutazama ubatizo, na cheti chake hukiweka sandukuni pamoja na vyeti vya shule.

Afadhali tulisikie neno hili kwa upande wa ufundi. Fundi, kufunza, mwanafunzi: maneno haya ni ya ukoo mmoja. Kijana anayejifunza useremala hakai mbali akisoma habari za randa. Anakaa na fundi, anashika mbao, anatazama mkono wa fundi, anakosea, anarekebishwa, mpaka siku moja watu wakiona kiti alichotengeneza wanasema: mkono huu ni wa fulani, huyu alimfundisha. Mitume walikaa na Yezu hivyo. Walikula naye, walitembea naye katika vumbi, walimwona akienda kusali peke yake usiku, walikemewa. Na baada ya hayo yote Petro alimkana Bwana mbele ya kijakazi. Lakini alilia, akarudi, akaendelea kufundishwa. Mwanafunzi si yule asiyeanguka. Ni yule anayebaki chini ya mkono wa Fundi.

Historia ya nchi yetu yenyewe yatufundisha hatari ya ubatizo usio na mizizi. Mwaka 1491 Nzinga a Nkuwu, mfalme wa Kongo, alibatizwa akaitwa João. Miaka michache baadaye aliiacha imani na kurudia desturi zake za zamani. Mwanawe Mvemba a Nzinga, aliyeitwa Afonso, hakufanya hivyo. Yeye alisoma Maandiko kwa bidii, alijenga shule, na mwanawe Henrique akawa Askofu mwaka 1518. Baba na mwana walipata Sakramenti moja, kutoka kwa wamisionari wa taifa moja. Hatusemi kwamba neema ilikuwa pungufu kwa baba. Twasema mbegu iliyoota juu ya mwamba hukauka jua likiwaka, kama Bwana alivyoeleza katika mfano wake. Wakapusini, waliofika Kongo mwaka 1645, walibatiza maelfu kwa maelfu wakipita kijiji hata kijiji. Lakini mapadri walikuwa wachache mno, na waliobatizwa wengi hawakupata wa kuwalea.

Kardinali Lavigerie aliyajua mambo ya namna hii. Alipoanzisha Shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, na walipofika kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1879, aliwaagiza wasimbatize mtu mzima kabla ya kumfundisha na kumjaribu kwa miaka minne, isipokuwa katika hatari ya kufa. Wazee wengi walinung'unika, na pengine hata wamisionari wenyewe. Miaka minne! Lakini sheria hiyo haikuwa ukatili. Kanisa la kale nalo liliweka miaka mitatu, kwa kuwa lilijua kwamba kichwa hujifunza upesi, na mkono hujifunza polepole. Mtu aweza kuikariri Imani ya Mitume kwa mwezi mmoja. Kuacha kisasi cha ukoo hakukaririwi. Katika misioni za ziwa hilo alikulia Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati hizi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliirudisha njia hiyo kwa Kanisa lote. Mwaka 1963 uliamuru kwamba ukatekumeni wa watu wazima ufanywe tena kwa hatua, na mwaka 1965, katika hati yake juu ya umisionari, ulieleza kwamba ukatekumeni si kueleza mafundisho tu, bali ni malezi ya maisha yote ya Kikristu. Tuyapime maneno hayo: maisha yote.

Hapa msikilizaji mmoja atatupinga. Atasema: mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yezu aliahidiwa paradiso siku ile ile, yeye alikaa ukatekumeni miaka mingapi? Ni swali zuri, wala tusilikimbie. Mwizi yule hakuwa na kesho. Saa zilizombakia alizitoa zote: alikiri kosa lake, alimtetea asiye na hatia, alimwomba Bwana. Alikuwa mwanafunzi kamili kwa muda aliokuwa nao. Sisi tuna kesho na kesho kutwa, na tunampa Bwana saa moja kwa juma, tena tukitazama simu.

Wengine husema: maisha ya siku hizi ni magumu, watoto wanataka karo, mshahara hauji, uanafunzi wa ndani ni kazi ya watawa. Kwa hao tutataja walei wawili wa nchi hii, wote wawili vijana wenye kazi ya mshahara.

Wa kwanza ni Isidori Bakanja. Alikuwa kibarua wa waashi huko Mbandaka, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Hakusoma shule kubwa. Baadaye alifanya kazi Ikili, kwenye shamba la kampuni ya mpira, ambako msimamizi mmoja Mzungu alichukia dini. Aliamriwa avue skapulari ya Bikira Maria; akakataa. Akapigwa kwa mjeledi wenye misumari, mgongo ukaoza, na baada ya miezi ya mateso akafa tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea. Alikuwa Mkristu kwa miaka mitatu tu. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1994.

Wa pili ni karibu nasi zaidi, na kwa wengi wetu habari yake yauma kuliko ya Bakanja, kwa sababu hatuwezi kusema kwamba mambo hayo yalikuwa ya wakati wa ukoloni. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma chuo kikuu, akawa mshiriki wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na huko alizoea kukaa na maibobo, watoto wa barabarani, akiwafundisha na kula nao. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Kazi hiyo, wasikilizaji wote wa mjini waijua, ina mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Aliletewa fedha ili aruhusu vyakula vilivyoharibika viingie sokoni. Alikataa. Walioijua habari yake wamesimulia kwamba alijiuliza kama anaishi kwa ajili ya Kristu au siyo, na kwamba aliwafikiria watu watakaokula chakula kile. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, alitangazwa Mwenye Heri.

Je, ujasiri ule alitoa wapi siku ile? Hakuutoa siku ile. Mtu hasomi alfabeti wakati barua imekwisha fika. Jioni alizokaa na maibobo, Maandiko aliyosikiliza pamoja na wenzake, sala za kila siku zisizoonekana na mtu: hapo ndipo mkono wake ulipojifunza kusukuma fedha mbali. Angekuwa Mkristu wa Dominika tu, bahasha ile ingemkuta mikono mitupu. Nasi tusidanganyane: bahasha hazitufikii mpakani tu. Mwalimu huletewa yake wakati wa mitihani, muuguzi yake mlangoni mwa wodi, na mama wa sokoni ana kopo lake la kupimia unga, ambalo huenda limebonyezwa chini kidogo.

Basi tufanyeje? Maaskofu wa Kongo, walipokutana Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwaka 1961, walichagua njia ya jumuiya hai za Kikristu. Huku kwetu mashariki twaziita shirika. Watu wa barabara moja hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili, husali, na kuulizana: Neno hili ladai nini hapa kwetu, juma hili? Hiyo ndiyo karakana ya wanafunzi wa Kristu. Yatubidi kukiri kwamba penginepo shirika limegeuka mahali pa kukusanya michango na kusoma majina ya wenye deni. Mchango ni wa lazima, lakini shirika lisilofungua Injili ni karakana isiyo na fundi.

Twawaomba viongozi wa shirika juma hili wafanye jambo moja. Msome Luka sura ya 14, mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Kisha kila mmoja ataje kwa sauti kazi anayofanya, iwe ya jembe, ya duka au ya kalamu, na aseme mahali ambapo kazi hiyo humjaribu. Asilazimishwe mtu kuungama hadharani. Kitubio kina mahali pake. Mkimaliza, mchague mmoja aliyebatizwa Pasaka iliyopita, na wawili kati yenu waende kumtembelea kabla ya Dominika. Katika somo lijalo tutaeleza Kipaimara, na kwa nini Askofu humpaka mtu mafuta kwenye paji la uso, mahali pasipofichika.