Mwezi una siku 30, mshahara una siku 10

KWA jamaa nyingi za mjini, mwezi una siku 30 lakini mshahara una siku 10 tu. Tarehe 2 nyumba inanukia nyama na chapati. Tarehe 12 mtoto anatumwa dukani na kijidaftari cha madeni. Ifikapo tarehe 20, baba mwenyewe anapitia kichochoro cha nyuma ili mwenye duka asimwone.

Mwandishi wa makala haya anakijua kichochoro hicho vyema. Katika mwaka wa pili wa ndoa yetu, mimi na mke wangu sote tulikuwa na kazi, lakini kila mmoja aliificha hati yake ya mshahara kana kwamba ni barua ya mpenzi. Nilidhani ananiachia mzigo wote. Kumbe naye aliwaza vivyo hivyo kunihusu. Januari ilipofika na mpwa wangu, aliyeachwa na marehemu dada yangu, akahitaji karo ya kidato cha kwanza, hakuna aliyekuwa na senti. Kijana alikaa nyumbani wiki tatu huku wenzake wakisoma.

Ndipo tukaziweka hati zote mbili mezani. Haukuwa usiku mtamu, nakuambia msomaji. Kesho yake tulinunua daftari na kukubaliana kuandika kila shilingi itokayo, hata ya njugu, kwa mwezi mzima, bila mtu kumlaumu mwenzake.

Anasa haikuwepo. Kodi na nauli tulizijua. Kilichotushangaza ni mafuta ya kupimiwa, sukari ya robo na majani ya chai ya kijikaratasi. Asiye na zaidi mfukoni hana budi kununua hivyo, lakini mwenye mshahara akifanya hivyo mwezi mzima, analipa bei ya juu kwa kilo ile ile. Siku hizi unga, mafuta, sukari na sabuni tunavinunua kwa siku moja, mara mshahara unapoingia.

Tundu jingine lilikuwa mikopo ya simu. Chukua mkopo wa siku 30 unaotozwa asilimia 7.5. Yaonekana kidogo, sivyo? Anayekopa Sh2,000 kila mwezi hulipa ada ya Sh150 kila mara, yaani Sh1,800 kwa mwaka. Karibu anunue mkopo wenyewe! Sacco nyingi hutoza takriban asilimia 1 kwa mwezi, tena kwa salio linalopungua.

Kuhusu akiba, wengi wetu husubiri kuweka kinachobaki. Hakibaki. Mke wangu alijiunga na Sacco ya kazini, fedha zikawa zinakatwa kabla mshahara haujamfikia mkononi. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, ila utahitaji wadhamini, na hapo ndipo urafiki hujaribiwa: uliyemdhamini asipolipa, akiba yako ndiyo huliwa. Kabla ya kutoa fedha zako, hakikisha Sacco inayopokea amana ina leseni ya SASRA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya 2008.

Chama cha mzunguko nacho kina faida yake, maana aibu ya kukosa mchango mbele ya majirani humtia mtu adabu. Hata hivyo, zamu ikikufikia mwezi usio na haja, utashtukia sofa mpya sebuleni.

Mwanafunzi anayepokea fedha za HELB ana shida iyo hiyo, nazo humjia kwa mkupuo. Azigawe kwa wiki kabla hajapita penye viatu.

Daftari letu la tano sasa liko jikoni. Bado tunagombana, hasa kuhusu pesa za kutuma mashambani kwa mama yangu na kwa mama yake. Yule mpwa wangu yuko chuoni na ana daftari lake mwenyewe. Nilipomwomba anionyeshe, alikataa katakata.